Tafakari ya juma: Unene si cheti cha afya, wembamba si hukumu



Wapendwa waamini na wasomaji wetu, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo kwa kawaida halisemwi mimbarini, ingawa husemwa sana sokoni, harusini na nje ya kanisa baada ya Misa. Ni namna tunavyosalimiana kwa kuitazama miili yetu. Mtu akirudi kutoka safari ya mbali, neno la kwanza analopokewa nalo ni hili: "Umenenepa! Maisha yamekukubali." Naye aliyepungua kidogo huulizwa mbele za watu: "Mbona umekwisha hivyo? Unaumwa nini?" Salamu hizi mbili zinaonekana ndogo, lakini ndani yake imo imani nzima juu ya afya, ugonjwa na hata baraka za Mungu. Imani hiyo, kwa sehemu kubwa, si ya kweli, na sasa imeanza kutugharimu uhai wa watu.

Kabla ya kuilaumu, yafaa kwanza tuielewe. Tunduma ni mji wa mpaka. Hapa barabara kuu itokayo Dar es Salaam hukutana na Zambia, reli ya TAZARA hupita, na malori hupanga foleni kuelekea Nakonde na kwingineko kusini na Kongo. UKIMWI ulipoenea nchini tangu miaka ya 1980, miji ya namna hii, ambayo watu hulala usiku mmoja na kuondoka, iliumia sana. Wenye umri wetu tunaikumbuka miaka ile. Mtu alianza kupungua, nguo zikamning'inia, na kabla hajapimwa, majirani walikuwa wamekwisha kumzika kwa maneno. Wembamba ukawa hukumu. Kisha, tangu mwaka 2004, dawa za kupunguza makali ya virusi zikaanza kutolewa bure na serikali. Wale waliokuwa wamekata tamaa wakarudi shambani na sokoni, mashavu yakajaa, nasi tukamshukuru Mungu. Ilikuwa haki kushukuru. Lakini hapo ndipo unene ulipogeuka kuwa cheti. Mwenye mwili mkubwa hakuhitaji kujieleza kwa mtu. Mwili wake ulimtolea ushuhuda.

Tena, jambo hili halikuanzia kwenye UKIMWI. Wazee wetu, Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na wengineo, waliijua njaa. Katika nyumba ambayo ghala liliweza kuwa tupu kabla ya mavuno, mke mnene alikuwa sifa ya mume, na mtoto mnene alikuwa sifa ya mama. Hatuwacheki wazee hao. Tunachosema ni kwamba ishara iliyosema kweli katika wakati wa njaa inaweza kusema uongo katika wakati mwingine.

Na wakati umebadilika. Mnamo mwaka 2016 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani na wenye makao yake mjini Lyon, Ufaransa, ulitoa hitimisho la wataalamu waliopitia tafiti nyingi mno kutoka pande mbalimbali za dunia. Walihitimisha kwamba kuepuka mafuta ya ziada mwilini kunapunguza hatari ya aina 13 za saratani. Miongoni mwake ni saratani ya mfuko wa kizazi, ya matiti kwa wanawake waliokwisha koma hedhi, ya utumbo mpana, ya ini, ya mfuko wa nyongo, ya kongosho, ya figo, ya ovari na ya tezi ya shingo. Uzito wa hatari haulingani katika aina zote. Kwa saratani ya mfuko wa kizazi, mwanamke mwenye unene uliopita kiasi ana hatari mara mbili hadi nne ya ile ya mwanamke mwenye uzito wa kawaida. Kwa saratani ya figo, hatari hukaribia mara mbili. Kwa saratani ya matiti baada ya kukoma hedhi, huongezeka kwa asilimia 20 hadi 40.

Wengine watauliza: mafuta yanawezaje kuleta saratani? Sisi tumezoea kuyafikiri mafuta ya mwili kama mahindi yaliyolala ghalani, yakisubiri siku ya shida. Sivyo yalivyo. Mafuta ya mwilini yanafanya kazi usiku na mchana. Kwanza, hutengeneza homoni iitwayo estrojeni. Mwanamke akishakoma hedhi, ovari zake huacha kuitengeneza kwa wingi, na mafuta ndiyo hubaki kuwa chanzo chake kikuu. Mafuta yakiwa mengi, homoni hiyo huwa nyingi kuliko inavyopasa kwa umri ule, na huzichochea chembe za matiti na za mfuko wa kizazi zizidi kujigawa. Pili, unene, hasa wa tumbo, huufanya mwili usiisikie vema insulini, ile homoni inayodhibiti sukari. Kongosho hujibu kwa kumwaga insulini zaidi, na insulini nyingi ni kama amri kwa chembe kwamba zikue. Tatu, mafuta mengi huuweka mwili katika hali kama ya kidonda kisichopona: kinga hukaa macho muda wote, chembe huharibika, hujigawa ili kujirekebisha, na kila zinapojigawa upo uwezekano wa kosa. Saratani ni kosa la namna hiyo lililokosa wa kulizuia.

Yupo atakayetuambia kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu na ya matajiri wa Dar es Salaam. La hasha. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopita kiasi, na tangu hapo idadi hiyo imezidi kupanda. Wanawake hao hawako mijini peke yake, wala si wote wenye fedha. Katika nyanda hizi za juu kusini, tunazoziita ghala la taifa, bado tunao watoto waliodumaa kwa kukosa lishe bora, na yawezekana mtoto aliyedumaa na mama aliyenenepa kupita kiasi wakala katika sufuria moja. Shibe na lishe ni vitu viwili. Sahani iliyojaa ugali mweupe na mchuzi wa mafuta hushibisha, lakini si lazima ilishe.

Hebu tutazame maisha yetu yalivyogeuka. Baba aliyekwenda kwa miguu kwenye shamba la kahawa huko Mbozi, akachuma siku nzima na kurudi amebeba mzigo, leo mwanawe ni dereva anayeketi juma zima ndani ya lori, au mfanyabiashara anayeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mpaka tangu asubuhi hadi jioni. Kwenda Jumuiya mtaa wa pili tunapanda bajaji. Asubuhi tunakunywa chai yenye sukari vijiko vitatu pamoja na maandazi; mchana wali; jioni chipsi mayai na soda, kwa kuwa ndiyo inayopatikana haraka. Chakula hicho tunakula kwa mwili ambao haulimi tena. Hapo hakuna uchawi wala bahati mbaya; ni hesabu tu.

Hata hivyo, wapendwa, hatupendi mtu yeyote aondoke hapa na kosa jipya badala ya lile la zamani. Kusema kwamba unene huongeza hatari ya saratani si kusema kwamba kila mnene ataugua, wala kwamba mwembamba yu salama. Mwalimu Julius Nyerere hakuwa mtu mnene katika maisha yake. Alikula kwa kiasi, akafunga na kusali. Naye alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu. Saratani inayowatesa zaidi wanawake wa nchi yetu, ile ya mlango wa kizazi, huletwa na kirusi, si unene. Ndiyo maana tangu mwaka 2018 wasichana wetu wanapewa chanjo yake nchi nzima, nasi tunawaomba wazazi wasiwazuie. Saratani ya umio, inayojulikana sana katika ukanda huu wa Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa ni ya aina ambayo haitokani na unene; pombe kali na tumbaku vinahusika nayo zaidi. Na saratani ya matiti huwapata pia wanawake vijana, tena wembamba, ambao kwao ile hoja ya mafuta na kukoma hedhi haihusiki. Kwa hiyo asiwepo dada mwembamba atakayepapasa uvimbe titini na kujifariji kwamba ugonjwa huu ni wa wanene.

Hapo ndipo linapokuja jambo tunalotaka hasa kulisema. Hatari kubwa iliyomo katika kawaida yetu ya kuusoma mwili kama cheti ni kwamba inatunyima kumwona mgonjwa. Tufikirie mama wa miaka 58, mwenye mwili mkubwa, mchangamfu, anayeongoza nyimbo na kupika kwenye kila sherehe. Hedhi yake ilikoma miaka mingi iliyopita. Siku moja anaona matone ya damu. Anamwambia shoga yake, naye anamjibu kwa nia njema: "Ugonjwa gani na mwili huo? Labda ujana unarudi." Wanacheka. Miezi inapita. Damu baada ya kukoma hedhi haikuwa kamwe jambo la kuchekwa. Ni dalili inayotaka daktari mara moja, maana yaweza kuwa saratani ya mfuko au ya mlango wa kizazi. Kisha mama huyu anaanza kupungua bila kutaka, na sasa anapongezwa kwamba amependeza! Hadi watu wanapoanza kunong'ona, njia ya kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, zaidi ya kilometa 900 kutoka hapa, imekuwa ndefu mara mbili: ndefu kwa barabara, na ndefu kwa ugonjwa ulivyokwisha kwenda. Wagonjwa wengi wa saratani katika nchi yetu hufika hospitali ugonjwa ukiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Umaskini ni sababu, umbali ni sababu, woga ni sababu. Lakini maneno yetu nayo ni sababu.

Tumfikirie pia mwingine. Huyu amepimwa, presha iko juu, sukari imeanza kupanda, na mganga amemwambia apunguze uzito. Anaanza kutembea alfajiri, anaacha soda, anapunguza wali. Baada ya miezi minne nguo zimelegea. Je, sisi tunampokeaje? "Dada, una tatizo gani nyumbani?" "Kaka, umekwenda kupima?" Katika mji kama wetu sote twajua maana ya swali hilo. Mumewe naye anamwambia kwamba watu watasema hamtunzi. Mwisho dada huyu anaona ni afadhali presha kuliko aibu, na anarudi kwenye chipsi. Ulimi hauna mfupa, walisema wahenga, lakini unavunja mifupa ya wengine. Twapaswa kuona haya kwamba mtu anaweza kuacha dawa iliyo bora, tena isiyouzwa dukani, kwa kuogopa salamu zetu.

Tunawageukia sasa wale wanaotaka kulifanya jambo hili kuwa hoja ya dhambi. Ni kweli Kanisa huhesabu ulafi miongoni mwa vilema saba, na kiasi miongoni mwa fadhila kuu nne, pamoja na busara, haki na nguvu. Lakini ulafi hukaa moyoni, wala haupimwi kwa mizani ya zahanati. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274 na ambaye mafundisho yake juu ya kiasi tuliyasoma seminarini kwa jasho, anakumbukwa kuwa alikuwa mtu wa mwili mkubwa, hata wanafunzi wenzake wakampa jina la utani la Ng'ombe Bubu. Mwili ule mkubwa haukumzuia kuwa mtakatifu na Mwalimu wa Kanisa. Upo unene unaotokana na uzazi, na dawa, na ugonjwa, na urithi wa ukoo, na huzuni, na kazi isiyomruhusu mtu kuinuka. Kumcheka mnene ni kosa kama lilivyo kosa kumnong'ona mwembamba. Zaidi ya hayo, aliyechekwa haendi kwa daktari, hujificha. Na mficha maradhi kilio humfichua.

Basi tufanye nini? Tungependa kutaja machache yaliyo ndani ya uwezo wa parokia yetu.

La kwanza, tubadilishe salamu. Tuulizane habari za nyumbani, za kazi, za watoto, na tuache kuhesabiana kilo hadharani. Aliye na wasiwasi juu ya ndugu yake amwendee faraghani, amwulize kwa upendo kama ameonana na daktari, na ajitolee kumsindikiza.

La pili, tujue vipimo badala ya kukisia kwa macho. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake kwa meta, kisha hugawanywa tena kwa urefu uleule. Jibu likifika 25, uzito umezidi. Likifika 30, ni unene uliopita kiasi. Mwanamke mwenye urefu wa meta 1.60 hufika hatua ya kwanza akiwa na kilo 64, na hatua ya pili akikaribia kilo 77. Wengi wetu tutashangaa kuona tuko wapi. Mizani ipo katika kila zahanati, na kupimwa hakumalizi nusu saa.

La tatu, meza zetu za sherehe. Komunyo ya kwanza, kipaimara, jubilei na sikukuu ya msimamizi wa parokia zimekuwa mashindano ya kreti za soda na sahani zinazofurika, na heshima ya mgeni, padre akiwamo, hupimwa kwa wingi wa nyama aliyopakuliwa. Tunapendekeza kamati za chakula ziweke maji safi mbele, zilete maharage, mboga za majani, parachichi, ndizi na machungwa, ambavyo havikosekani masokoni mwetu, na ziache kumwona mgeni aliyepakua kidogo kama mtu aliyewadharau wapishi. Hatuombi sherehe ziwe za huzuni. Bwana wetu alikaa mezani na watu hata akasingiziwa kuwa mlafi, hakuidharau karamu. Tunaomba tu karamu isiwe chanzo cha msiba.

La nne, tutembee. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 kwa juma za mwendo wa wastani. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Kutembea kwenda Misa ya asubuhi na kurudi kunatosha kwa wengi wetu. Madereva wanaosubiri kwenye foleni wanaweza kushuka na kutembea kando ya magari yao. Walio na ugonjwa wa moyo, wajawazito na wanaotumia dawa za kudumu wamwulize kwanza mganga wao.

La tano, tunawaomba akina mama wa WAWATA waweke katika mikutano yao nafasi ya kumwalika muuguzi, ili wafundishwe dalili zisizopaswa kungoja: uvimbe titini, damu baada ya kukoma hedhi, damu katika choo, kupungua bila sababu, na tumbo kujaa kusikoisha. Akina baba nao wasikilize, maana mara nyingi nauli ya hospitali hutoka mfukoni mwao. Na kila Jumuiya ifikirie kuwa na akiba ndogo ya kumsafirisha mgonjwa aliyepewa rufaa. Tunajua kuchangia mazishi kwa siku moja. Tungejua kuchangia safari ya matibabu, mazishi mengine yangengoja.

Wapendwa, Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kuuona mwili kuwa hekalu. Hekalu halisifiwi kwa unene wa kuta zake, wala halidharauliwi kwa wembamba wa nguzo zake. Hutunzwa, hufagiliwa, na paa likivuja huzibwa mapema kabla mvua haijaozesha mbao. Tuitunze hivyo miili tuliyopewa, yetu na ya jirani. Na jirani akitujia na neno la wasiwasi juu ya mwili wake, tusimtazame kwanza kiuno. Tumsikilize, kisha tumpeleke hospitali.

Tunawatakia juma jema lenye amani na afya. Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu